Jumamosi za Mkeka na Daftari

Mwenyekiti aliponiambia niandike ukurasa wa historia katika kijitabu hiki cha miaka kumi, nilidhani anataka hesabu: tulianza wangapi, hisa ilikuwa shilingi ngapi, nani alikopa akafungua genge. Kumbe hesabu hizo mweka hazina amekwisha kuzipanga katika kurasa za mbele, na amezipanga vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nilichoombwa ni kuandika lile ambalo haliko kwenye leja. Ilikuwaje kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mwanza, kilichoanza mwaka 2015 kwa akina mama 22, kikawa na mikeka 19 imeegemezwa ukutani, na daftari ambazo hata mkaguzi wa hesabu haruhusiwi kuzifungua? Wanaotuunga mkono hapa mtaani wamekuwa wakiuliza. Baadhi ya waume nao wameuliza, tena kwa sauti ya juu kidogo.

Nianze na ziwa, maana wengi wetu tunakula kwa ziwa. Kuna wanaonunua dagaa Mwaloni na kuwauza kwa kisado, kuna wanaokaanga sangara jioni barabarani, na hata mimi niliyekuwa mwalimu nilisomesha watoto wa wavuvi miaka yote. Lakini ziwa hilo hilo limetuletea misiba ambayo haikwisha siku ya arobaini.

Mwezi Mei 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yanaendelea Rwanda, Mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Upande wa Uganda zilizikwa kwa maelfu. Kandokando ya ziwa watu waliacha kula samaki. Nakumbuka nilikuwa mwalimu kijana, nikienda sokoni nawakuta akina mama wamekaa mbele ya sato ambao hakuna anayewagusa, na kila mteja anauliza amevuliwa wapi. Miaka miwili baadaye, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, mahali ambapo daladala hupita kila siku. Halafu ikaja Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha.

Katika misiba yote hiyo akina mama walipewa nini? Walipewa rambirambi, walipikiwa, walikaliwa matanga. Hayo ni mambo makubwa na siyadharau. Lakini matanga yakianuliwa kila mtu hurudi kwake, na mama huambiwa neno moja tu: jikaze. Tuliambiana hivyo kwa nia njema. Mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi, na nimeambiwa.

Wenzetu wa mbali walichukua muda mrefu kulipa jambo hili jina. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliotetemeka na kupoteza usingizi bila jeraha lolote mwilini. Askari, lakini, si mama zao. Ilibidi kungoja mwaka 1974 ndipo Ann Burgess na Lynda Holmstrom, wa kule Boston, Marekani, walipochapisha kwamba wanawake waliobakwa wanaonyesha dalili za namna hiyo hiyo. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani wakaiingiza hali hiyo rasmi katika kitabu chao cha magonjwa. Sisi Kiswahili chetu kina neno kiwewe, nalo latosha.

Sasa nirudi kwetu. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, alimpoteza binti yake na mjukuu katika kivuko kile cha 2018. Tulimpa fedha ya mfuko wa jamii kama katiba inavyosema, na wanne wetu tulivuka kwenda mazikoni. Baada ya mwezi alirudi kikaoni, akakaa kwenye nafasi yake. Alileta hisa zake kama kawaida, lakini hakuweza kuzihesabu. Alizishika tu. Kufika Januari 2019 alikuwa hajaleta marejesho ya mkopo kwa miezi mitatu.

Kamati ikakaa. Katiba yetu inasema anayechelewa marejesho anatozwa faini, na haisemi isipokuwa. Mweka hazina akasema faini ni faini. Nami, katibu, nilipiga kura ya faini. Naliandika hapa kwa sababu lipo kwenye muhtasari na kwa mwandiko wangu mwenyewe, ningelificha mngeliona. Tulishinda kura tatu kwa mbili. Ndipo mama mmoja, mkubwa kuliko sisi sote kwa umri, ambaye kwa kawaida hukaa vikao vizima bila kutia neno, akasema, "Mnamtoza faini mtu ambaye hapumui. Mtazameni kifua chake. Tangu Septemba hajavuta pumzi ikafika chini."

Tulimtazama kesho yake kanisani wale tuliosali naye, na ilikuwa kweli. Mabega yalikuwa juu karibu na masikio, na pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu aliyetoka kukimbia.

Mama yule mkubwa aliyajuaje hayo? Miaka ya 1980 alikuwa mpishi katika nyumba ya familia moja ya Kihindi hapa mjini. Wahindi ni wenyeji wa siku nyingi Mwanza. Walikuja na biashara ya pamba na maduka, hasa baada ya reli kufika hapa mwaka 1928. Bibi wa nyumba ile alikuwa mjane, na kila asubuhi alitandika mkeka barazani, akakaa, akapumua, akajinyoosha polepole, akalala chali, akainuka akaenda kuoga. Mpishi alidhani ni ibada. Siku alipofiwa na mumewe yeye mwenyewe, bibi yule hakumwambia jikaze. Alimtandikia mkeka wa pili.

Hiyo ndiyo yoga, ndugu msomaji, na sina haja ya kuizungusha. Asili yake ni India na imefungamana na dini ya Kihindu kwa karne nyingi. Swami Vivekananda aliwahutubia Wamarekani mjini Chicago mwaka 1893, na tangu hapo mafundisho ya yoga yakaanza kusikika huko. Mazoezi ya viungo kama wanavyoyafanya watu wengi leo yalipata sura yake zaidi katika miaka ya 1930, kwa mwalimu Krishnamacharya wa Mysore. Jambo la kutufurahisha sisi wanawake ni kwamba mwalimu huyo mwanzoni alimkataa Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga, asiwe mwanafunzi wake. Akamkubali baadaye, na mwanamke huyo ndiye aliyefungua shule ya yoga Hollywood mwaka 1947. Umoja wa Mataifa nao uliitenga tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2015, mwaka ule ule tuliokianzisha kikundi.

Basi, mama mkubwa akatuonyesha. Jumamosi ya kwanza tulikuwa saba, kabla ya kikao, nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Tulicheka sana, maana matiti na matumbo yetu hayakuzoea kulazwa kifudifudi mbele za watu. Mwenzetu yule wa Ukerewe hakucheka. Alifanya jambo moja tu: alilala chali, mkono mmoja tumboni, akafuata maelekezo ya kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta. Pumzi ya kutoa ikirefushwa, mapigo ya moyo hupungua. Mwili hupata habari kwamba hatari imepita, hata kama akili haijakubali. Wakati huo hatukuyajua maelezo hayo. Tuliona tu kwamba mabega yalishuka, na kwamba alilala usingizi pale pale mchana kweupe, tukachelewesha kikao saa nzima ili tusimwamshe.

Mtafaruku ulikuja wiki ya tatu. Habari zilienea kwamba kikundi cha akina mama kinaabudu Kihindi. Wawili walijitoa, wakachukua hisa zao, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Sikubaliani nao lakini siwalaumu. Mtu na imani yake. Tulikaa kikao cha dharura, Wakristo na Waislamu, tukapatana hivi: hakuna wimbo, hakuna neno la Kihindi, hakuna sanamu, tunachukua pumzi na kunyoosha viungo, na anayetaka kuomba anaomba kwa dini yake kimoyomoyo. Hata jina tulibadili, tukayaita mazoezi ya mkeka. Mama mkubwa alituambia, kwa ukali kidogo, kwamba kama tunaona haya kutaja mahali tulipokopa, basi tusijiite kikundi cha kukopa. Ndiyo maana nimeandika wazi hapa juu yoga ilikotoka.

Baadaye binti wa mmoja wetu, aliyekuwa akisomea uuguzi, alituletea habari zilizotutia moyo. Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake wa Boston walichapisha utafiti juu ya wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu ambacho tiba nyingine hazikukiondoa. Nusu walifundishwa yoga saa moja kwa wiki, kwa wiki 10; nusu walipewa masomo ya afya ya wanawake kwa muda huo huo. Mwishoni, kati ya 31 wa yoga, 16 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa ule; kwa wale wa masomo walikuwa 6 kati ya 29. Tazameni pia upande wa pili: 15 bado walikuwa nao. Si dawa ya kila mtu. Binti yule alituletea na desturi ambazo walimu wa yoga ya namna hiyo huzifuata, nasi tukazishika: mwalimu hamgusi mtu, hamwamuru bali anamkaribisha, na anayetaka kufumbua macho afumbue. Mtu aliyewahi kushikwa kwa nguvu hawezi kupona kwa kushikwa tena.

Na hapa jirani, Rwanda, mwaka 2007 Mmarekani Deirdre Summerbell alianza kufundisha yoga Kigali kwa wanawake walionusurika mauaji ya kimbari na kubakwa, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Wanawake wa Rwanda hawakungoja wageni ndipo waanze kusaidiana. Januari 1995, nchi ikiwa bado inanuka moshi, wajane 50 walianzisha chama chao cha AVEGA Agahozo, wakipeana bega la kulilia kabla ya kufikiria mradi wowote. Na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya Arusha, hapa hapa nchini kwetu, katika kesi ya Akayesu, ilitamka kwa mara ya kwanza katika sheria za kimataifa kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ilitamka hivyo kwa sababu wanawake wa kijijini walisimama mbele ya majaji wakasema yaliyowapata. Huwa nafikiri sana juu ya wanawake wale. Kusema peke yake chumbani ni kazi ngumu. Sembuse mbele ya majaji na vipokea sauti.

Jambo la kuandika ndilo langu mimi, sifa au lawama nipeni mimi. Nilisoma kwamba mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 46 wa chuo kikuu huko Marekani. Waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida, wengine mkasa mzito wa maisha yao. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia waliinuka mezani wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Dakika 15, kalamu na karatasi: nikasema hili halihitaji mfadhili.

Wengine waliguna kwamba kuandika machungu ni mambo ya Wazungu. Nikawakumbusha Mwana Kupona binti Msham, wa pwani ya Lamu na Pate, ambaye mnamo mwaka 1858, mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi. Mama wa Kiswahili alishika kalamu kabla reli haijajengwa. Na wa karibu zaidi ni Yolande Mukagasana, muuguzi wa Kigali. Mwaka 1994 aliuawa mumewe na watoto wake wote watatu, na mwaka 1997 kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa. Mwenzake Esther Mujawayo, mmoja wa waanzilishi wa AVEGA, naye aliandika, na akawa mtaalamu wa kuwatibu wenye kiwewe huko Ujerumani.

Swali lilikuwa: wasiojua kuandika je? Kumbe waliojua walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Kanda hii ya Ziwa ndiyo iliyojaribiwa kisomo chenye manufaa kuanzia 1968, kwa msaada wa UNESCO, na Mwalimu aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya 10 mwaka 1986. Mama mkubwa wetu, yule mpishi, alifundishwa kusoma kwa kitabu cha kilimo cha pamba. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nilifundishwa kuandika panda kwa mstari na ng'oa masalia. Hakuna aliyeniambia kwamba herufi hizo hizo zinaweza kuandika jina la mtoto aliyekufa." Wawili wasioweza kabisa huchora, au hukaa kimya na kalamu mkononi dakika 15 zile. Inatosha.

Tulifanya kosa moja kubwa, nami ndiye niliyelianzisha. Ualimu ni ugonjwa: nikaona watu wameandika, nikataka wasome kwa sauti. Mmoja wetu, simtaji, alisoma nusu ukurasa. Wiki ile hakulala. Majinamizi yakamrudia, akaacha kula, akawa anasikia mlango ukivunjwa usiku. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye, na namshukuru Mungu yupo na ananidhihaki kama zamani. Yeye huja kwenye mkeka, haandiki. Laiti ningelijua mapema alichokieleza daktari Judith Herman katika kitabu chake cha mwaka 1992: kwamba kwanza mtu awe salama, ndipo akumbuke na kuomboleza, ndipo arudi kati ya watu. Mimi nilianzia katikati.

Usalama wenyewe ukatuletea ugomvi wa mwisho. Mume wa mwanachama mmoja alilikuta daftari chini ya godoro, akalisoma, na mkewe akaja kikaoni Jumamosi akiwa amevaa miwani ya jua. Tukajiuliza ni wapi katika nyumba zetu mwanamke ana mahali pake pa kufunga. Hakuna aliyeweza kupataja. Ndipo mshika ufunguo wa pili akanyoosha kidole kwenye sanduku la fedha.

Mnalijua sanduku lile: kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa nyumba tatu, halifunguki mpaka wote wawepo. Utaratibu huo wa vikundi ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa akina mama kama sisi wakisaidiwa na shirika la CARE, ukaenea mpaka ukafika huku. Ulibuniwa kulinda fedha. Mweka hazina alipinga kwa nguvu: sanduku ni la fedha, na siku daftari ikipotea tutadaiwa kwa sarafu gani? Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Tulibishana vikao viwili. Mwishoni tulipiga kura, 14 kwa 6, daftari ziingie. Mweka hazina alishindwa, na wiki iliyofuata alileta daftari lake. Hakusema neno.

Kuhusu faini ile ya Januari 2019: kikao kikuu kiliifuta. Mkopo ulimalizika kulipwa mwaka 2020. Wapo wanaopenda kusema ni mkeka uliomponya, wapo wanaosema ni daftari. Mimi nadhani kufutiwa faini kulifanya sehemu yake, na wale wanne waliovuka kwenda mazikoni walifanya yao. Siku hizi anahesabu hisa zake mwenyewe, na akikosea humkosea mweka hazina, si kikundi.

Nami niliandika. Mtoto wangu wa kwanza wa kiume alizama akiogelea na wenzake mwaka 2003, akiwa na miaka 11. Miaka 16 sikulitaja jina lake darasani hata kwa mwanafunzi mwingine mwenye jina hilo. Nilimwita "wewe wa dirishani". Aprili 2019 niliandika jina hilo ukurasa mzima, mstari hadi mstari, kama mtoto aliyepewa adhabu. Jumamosi iliyofuata niliandika alikuwa amevaa nini.

Kila Desemba, siku ya mgao, tukishagawana fedha, sanduku huachwa wazi na kila mmoja huchukua daftari lake. Wengine huzirudisha mwaka mpya, wengine huzipeleka wanakojua wao. Mwenyekiti huwasha jiko la mkaa pembeni kwa anayetaka kuchoma. Mwaka jana zilichomwa saba. Langu bado sijalichoma. Mgao wa mwaka huu utakuwa Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi, na anayetaka mkeka mpya ajiandikishe kwangu kabla ya hapo, kwa kuwa fundi anahitaji wiki mbili.